Goti la Chuma

Ukilitazama gari lile kwa upande wa kushoto, ungesema limeletwa kituoni kuoshwa. Taa ilikuwa nzima, bampa limenyooka, rangi imebanduka kidogo tu pale lilipogusana na ukuta. Ukizunguka upande wa kulia ndipo unapoiona ajali: boneti imejikunja mpaka karibu na kioo, tairi limerudi nyuma, taa imekuwa vumbi. Dereva alikuwa amekaa kulia, naye yu hai. Abiria alikuwa amekaa kushoto, naye yuko mochwari.

Mkuu wa kituo cha polisi alilipenda fumbo hilo kwa sababu alikuwa na jibu lake tangu juzi. Alisimama uani, kikombe cha chai mkononi, akamweleza Inspekta polepole kana kwamba anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Gari limeumia kulia, mtu kafa kushoto. Kwa hiyo mtu huyo hakufia garini. Alipigwa kifuani na kitu butu mahali pengine, akafa, akakalishwa kwenye kiti na kufungwa mkanda, kisha dereva akaligongesha gari ukutani ili ionekane ajali.

"Na yeye mwenyewe akajivunja mbavu tatu makusudi," Inspekta akasema.

"Watu wanafanya mengi."

Dereva alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, aliyeendesha magari ya kukodi ya bwana mmoja ambaye madereva wake wote walimwita Tajiri. Wenzake walimbandika jina la Breki. Walimtania kwamba akiwa barabarani hata baiskeli zinampigia kengele apishe. Marehemu alikuwa mpiga picha, na miaka tisa iliyopita alikuwa mume wake. Asubuhi ya ajali walikuwa wanakwenda pamoja kumwona mjukuu wao wa kwanza, aliyezaliwa siku hiyo hiyo alfajiri. Walisimama kituo cha mafuta, wakabishana mtoto aitwe nani. Mzee alitaka jina la mama yake mzazi, na Breki akamjibu kwamba labda kwanza amzike yeye, Breki. Muuza mafuta aliyasikia maneno hayo, na kila alipoulizwa aliyakumbuka vizuri zaidi.

Breki mwenyewe alisema jambo moja tangu siku ya kwanza, wala hakubadilisha hata nukta. Lori lilikuwa linalipita basi, likamjia usoni. Alikanyaga breki, akakata kushoto, akagonga ukuta wa ghala. Lori halikusimama. Hakupatikana mtu mwingine aliyeliona.

"Saa kumi jioni anahamishiwa mahabusu ya gereza kwa kosa la kuua," Mkuu alisema. "Hati iko mezani kwangu, inasubiri sahihi yako. Na mwenye gari anaomba kuliondoa gari lake leo. Anaenda kulikata chuma chakavu."

"Ana haraka gani na chuma chakavu?"

"Ni mali yake."

"Ni kielelezo changu. Halitoki hapa. Na karatasi nisiyoiamini siitii sahihi, Mkuu, iwe saa kumi leo au saa kumi mwakani."

Mkuu alimwaga masalio ya chai chini, akasema kuna mainspekta wengine wenye kalamu. Inspekta alijibu kwamba hao wamsainie, lakini jina lake yeye lisionekane humo. Kisha akaenda mochwari, kwa sababu alikuwa na muda wa saa saba tu na hasira nyingi, na hasira hazijawahi kujaza jalada.

Daktari wa mochwari alikuwa mwanamke mkimya aliyeandika ripoti ndefu ambazo hazisomwi. Ripoti ya mpiga picha ilikuwa na kurasa nne. Mkuu alikuwa amesoma ule wa kwanza, wenye maneno "kifua kimepata kishindo". Ukurasa wa tatu ulieleza vilio la damu, alama nyeusi chini ya ngozi, lenye upana wa vidole vinne, lililoanzia bega la kushoto, likapita kifuani kimshazari na kuishia nyonga ya kulia. Inspekta aliuliza kama rungu linaweza kuacha alama ya namna hiyo. Daktari akasema angependa kuliona hilo rungu.

"Ni mkanda wa gari," alisema. "Kiti cha kushoto mkanda unashukia bega la kushoto. Dereva wenu nimempima mwenyewe, wake unashukia bega la kulia."

"Mtu akiwa amekwisha kufa, akafungwa mkanda, gari likagongeshwa?"

"Maiti haivilii damu hivyo. Moyo lazima uwe unapiga. Huyu alikuwa hai, amekaa, amefunga mkanda kama inavyotakiwa. Alisimamishwa ghafla mno. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni umechanika."

Hapo nusu ya hadithi ya Mkuu ilikufa, lakini nusu tu. Inspekta alijua swali litakalofuata, na alikuwa analo mwenyewe tangu asubuhi: kwa nini mshipa wa aliyekaa upande mzima uchanike, na wa aliyekaa upande uliosagika usichanike? Bila jibu la hilo, Mkuu angebuni hadithi nyingine kabla ya chai kupoa.

Aliyekuwa na jibu alikuwa amelala chalichali chini ya gari, miguu tu ikionekana. Mkaguzi wa magari alibakiza miezi minne kustaafu na magoti yake yalishastaafu zamani. Alipotoka chini alisaidiwa kuinuka, akatukana magoti yake kwa majina, akaketi juu ya tairi.

Alianza kwa kumuuliza Inspekta kama utotoni aliwahi kuruka ukuta. Inspekta akasema aliruka kuta nyingi.

"Ulipotua ulikunja magoti?"

"Kila mtu anakunja magoti."

"Basi na gari lina magoti, dada yangu. Yako hapa mbele." Alionyesha upande wa kulia, kwenye mhimili wa chuma uliojikunja mara tatu kama kitambaa kilichosukumwa mezani. "Kiwandani wanautia mikunjo makusudi, ili siku ya siku ujue pa kuvunjikia. Chuma kinajikunja, na kinapojikunja kinakula kishindo. Chumba cha watu ndicho kinachotengenezwa kigumu, kisikunjike. Mbele iwe laini, katikati pawe pagumu. Gari linakufa ili wewe upone."

Kisha akamwelekeza upande wa kushoto, akampa tochi. Inspekta alilala chini bila kujali sare. Mhimili wa kushoto haukuwa na mkunjo hata mmoja. Ndani yake kilikuwa kimepachikwa kipande cha chuma kinene, chuma cha reli, kikachomelewa juu na chini kwa mshono mzuri wa kupendeza, na juu ya mshono fundi alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: KAZA.

Mkaguzi alieleza mengine akihesabu kwa vidole vyenye mafuta. Ukutani pa ghala alikuwa amepima alama za matairi. Breki zilishikwa mapema, kwa nguvu, na gari lilifika ukutani kwa mwendo wa hamsini hivi. Kushoto kukagota papo hapo. Kulia kukaendelea kujikunja, gari likazunguka, matairi ya nyuma yakachora upinde lamini kuelekea kulia. Dereva alipewa nafasi ya kusimama. Abiria hakupewa. Tena ule mfuko wa hewa wa mbele ya abiria, ambao ungemdaka, haukuwepo kabisa. Kifuniko chake kwenye dashibodi kilikuwa kimebandikwa kwa gundi, na nyuma yake palikuwa patupu.

"Kwa mwendo ule," Mkaguzi alisema, "gari lenye magoti yake mawili, wote wawili wangetoka wanachechemea. Wangeendelea na ugomvi wao wa jina."

Inspekta alimrudishia tochi yake. Alifikiria mama aliyekaa seli siku ya tano akiambiwa ameua, ilhali ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake sawasawa asubuhi ile. Alimwomba Mkaguzi aandike yote hayo na asiende popote kabla ya saa kumi.

Gereji ya yule fundi wa bodi za magari haikuhitaji kutafutwa. Ubao wake ulisimama barabarani: TUNANYOOSHA, TUNAPAKA RANGI, TUNAKAZA. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye uso mwema, na aliposikia ni polisi kuhusu gari la ghala hakushtuka hata kidogo. Alifuta mikono, akamvutia Inspekta kiti, akauliza kwa furaha kama ameliona.

"Nimeliona."

"Upande wa kushoto?"

"Nimeuona."

"Umeshawahi kuona gari linagonga ukuta wa zege na taa haipasuki?" Aliwaita wenzake wawili waje wasikie. "Ule ni mkono wangu. Ukuta ndio ulioumia. Magari ya siku hizi ni bati la kopo, Afande, yanakunjika ukiyakemea. Lilikuja hapa mwezi wa pili limebonyea kushoto. Mimi sikunyoosha tu, nilikaza."

Katika miaka yake ya kazi Inspekta alikuwa amewavuta watu maneno kwa siku nzima, neno moja moja, kama anang'oa misumari. Huyu alikuwa anatoa ushahidi na kuomba sifa. Alimwacha aendelee. Fundi akasema Tajiri alilipenda sana wazo hilo, kwa kuwa gari likikazwa haliharibiki likigongwa, na gari lisiloharibika halilali gereji. Tangu hapo kila gari la Tajiri lililoguswa mbele lilikazwa. Na mfuko wa hewa, Inspekta aliuliza. Fundi akasema ule ulishapasuka kwenye ajali ya mwezi wa pili, na Tajiri hakutaka mwingine, akaagiza kifuniko kibandikwe na kile kitaa chekundu cha onyo kizimwe, maana abiria wanakiogopa.

"Na mtu anayekaa upande uliokazwa?" Inspekta akauliza.

"Mambo ya watu ni ya daktari. Mimi ni fundi wa magari."

Palikuwa na pipa la mafuta tupu karibu na mlango, urefu wa kiuno. Inspekta alimwomba apande juu yake. Fundi alicheka, akapanda, wenzake wakacheka pia. Inspekta akamwomba aruke chini, ila akitua miguu iwe imenyooka kabisa, imekazwa, asikunje goti hata kidogo.

Fundi alisogea ukingoni, akanyoosha miguu, akatazama sakafu ya saruji. Hakuruka.

"Nitaumia," alisema.

"Utaumia wapi? Miguu yako ni imara."

"Miguu haitaumia. Nisipokunja magoti, kishindo chote kitapanda juu, kitakuja kiuno..."

Alibaki juu ya pipa, mkono umeshika kiuno, na wenzake wakaacha kucheka mmoja baada ya mwingine. Kisha aliketi palepale juu ya pipa, miguu ikining'inia, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli mzee wa watu alikuwa amekaa kushoto. Inspekta alisema ni kweli. Maelezo yake aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, karatasi mbili, na alipofika kwenye maagizo ya Tajiri hakuacha kitu. Inspekta hakumwonea huruma, lakini hakumdharau. Ujinga wake aliutia rangi nyeupe na kuuacha wazi. Aliyeficha ni mwingine.

Saa kumi kasorobo Inspekta aliingia uani kituoni na kukuta pamejaa. Tajiri alikuwepo, ana shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, anazungumza na Mkuu kwa upole mkubwa. Binti wa marehemu alikuwepo pia, mtoto wa siku tano mikononi, amekuja kuomba mwili wa baba yake. Tajiri alikuwa amempa gari na dereva, bure kabisa, kumpa pole. Gari lilikuwa limewashwa, na binti alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, kushoto, amempakata mtoto.

Wakati huohuo mlango wa seli ulifunguliwa na Breki akatolewa, pingu mikononi, akitembea ameinamia ubavu mmoja. Alimwona binti yake. Binti alimwona, akageuza uso upande wa pili. Siku tano alikuwa amesikia kwamba mama yake amemuua baba yake, na hakuna aliyemwambia kingine. Breki alisimama katikati ya uwanja na askari akamvuta, na hapo ndipo Inspekta alipokwenda kusimama mbele ya gari.

"Zima," alimwambia dereva.

Mkuu alimwita aondoke njiani. Inspekta hakuondoka. Mkuu alirudia, safari hii akitaja cheo chake na cha Inspekta ili tofauti ijulikane. Inspekta alisema cheo chake Mkuu atakichukua kesho akipenda, lakini gari hili halitoki nje ya lango likiwa na mtoto, na kama anataka litoke limpite yeye juu. Alisema hivyo bila kupaza sauti. Dereva alizima.

Boneti ikafunguliwa. Mkaguzi alikuja akichechemea na tochi yake, akainama, akamwita Mkuu aone. Mkuu aliinama naye akasoma neno lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Inspekta akamkabidhi hati tatu, ya daktari, ya Mkaguzi na ya fundi, akamweleza palepale, kwa sauti ambayo binti angeisikia. Mpiga picha aliingia garini akiwa hai. Kisha akamgeukia binti: mama yako alishika breki mapema. Chuma hiki ndicho kilichomuua baba yako, na waliokitia wanajulikana.

Tajiri alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema fundi ni mtu wa porojo, yeye hajui kuchomelea wala hajui kilichomo ndani ya mihimili. Alichojua ni kwamba magari yake yaliimarishwa, na kuimarisha gari si kosa. Mtu yeyote anaweza kuona.

"Gari hili ni salama kuliko yote hapa uwanjani," alisema.

"Vizuri," Inspekta akasema. Alimsaidia binti kushuka na mtoto wake, akaushikilia mlango wazi. "Panda wewe. Dereva akupeleke mpaka ghalani na kurudi, mwendo wa hamsini tu. Ukirudi nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Tajiri alicheka kidogo, akatazama huku na huku, akaona kila mtu anamtazama. Alikwenda. Alipita mlango uliokuwa wazi, akashika kitasa cha mlango wa nyuma, upande wa kulia.

"Mbele," Inspekta akasema. "Kushoto."

"Mimi huwa nakaa nyuma."

"Tangu lini?"

Aliyeuliza hakuwa Inspekta. Alikuwa Mkuu, hati tatu mkononi, na safari hii alionekana hana jibu lake mfukoni. Alijibu dereva, akiwa bado ameshika usukani, macho yake mbele kama wanavyokaa madereva.

"Tangu walipoanza kuyakaza, Afande. Zamani alikuwa anakaa hapa, pembeni yangu."

Tajiri alikiachia kitasa. Hakutaka kupanda tena, mbele wala nyuma, na askari wawili walisogea bila kuambiwa wakasimama kila mmoja ubavuni mwake.

Binti alikuwa amevuka uwanja. Alisimama mbele ya mama yake akamsogeza mtoto mbele. Breki alimtazama mtoto yule ambaye alikuwa anaendesha kumfuata, na ambaye alikuwa hajamwona hata mara moja. Akageuka kwa Mkuu, akanyoosha mikono yenye pingu mpaka karibu na kifua chake, mbavu zikimuuma waziwazi.

"Fungua," alimwambia. "Nimshike mjukuu wangu."

Hakusema tafadhali. Mkuu wa kituo alipapasa mfuko wa kwanza, akapapasa wa pili, akautoa ufunguo.